Risala ya Wazazi na Walezi wa Suguti: Mlitupa Dawa ya Kifafa, Tupeni na Onyo Lake

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mara. Wakurugenzi wa Halmashauri za Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama. Bohari ya Dawa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na Wizara ya Afya.

Tunaoandika ni wazazi, mabibi, mababu na walezi wa watoto wenye kifafa, wa Suguti na vijiji vya jirani, kuanzia mialoni hadi mashamba ya upande wa Bunda na Butiama. Wapo kati yetu wavuvi, wakulima wa mihogo na pamba, akina mama wauza dagaa, na mimi niliyekabidhiwa kalamu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tumeandika kwa Kiswahili ili risala isihitaji mkalimani ikifika mezani kwenu. Lakini mengi yaliyomo yalisemwa kwanza kwa Kijita na Kikwaya, usiku, kando ya mkeka wa mtoto mgonjwa.

Tunalo neno moja, na mengine yote ni matawi yake. Mtoto anapoanzishiwa dawa ya kifafa, mzazi huambiwa asiikatishe. Haambiwi ni dalili zipi zikitokea anatakiwa kumkimbiza mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Tumepewa nusu ya maelekezo, na ile nusu iliyobaki ndiyo tuliyoihitaji watoto wetu walipoanza kubabuka.

Naanza na la nyumbani kwangu, kwa kuwa sipendi kusemea msiba wa mwenzangu kabla sijasema wangu.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka mitatu. Degedege lilimshika mara ya kwanza akiwa na malaria, tukadhani limeondoka pamoja na homa. Likarudi pasipo homa. Likarudi tena akiwa amekaa jikoni, hatua moja kutoka kwenye mafiga. Mama yake akampeleka kwenye kituo kimoja cha tiba, ambacho sitakitaja, kwa maana hatukukusanyika kumshtaki muuguzi aliyekuwa peke yake siku ile na foleni imefika nje. Mtoto akaandikiwa kabamazepini. Mama akaambiwa: "Dawa hii isikatike hata siku moja. Ukiikatisha, kifafa kitarudi kwa nguvu." Maneno hayo ni ya kweli, na binti yangu aliyashika kama yalivyo.

Degedege likanyamaza. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nyumba nzima ililala hadi alfajiri. Siku ya kumi na mbili mtoto akaamka na homa, macho mekundu, akausukuma uji. Tukasema ni mafua. Kesho yake midomo ilivimba ikapasuka, na akawa analia tukimgusa mgongoni, ingawa mgongoni hatukuona kitu. Jirani mmoja akasema surua. Mwingine akasema huu ni mkono wa mtu. Dukani tukauziwa dawa ya kuua vijidudu na mafuta ya kupaka. Na kila jioni bibi yake aliendelea kukata kile kidonge kwa kisu, akakisaga kwenye kijiko, akamtilia katika ule mdomo wenye vidonda, taratibu, huku anambembeleza kwa wimbo. Tulikuwa tunatii tulichoambiwa. Siku nne mfululizo tulimpa kwa mikono yetu wenyewe kitu kilichokuwa kinamuunguza.

Siku ya tano mama yake alimwinua mkekani, na ngozi ya bega ikabaki kwenye kanga.

Safari yenyewe sitaisimulia yote. Ilikuwa bodaboda, kisha gari la kukodi lililolipiwa kwa mbuzi wawili. Hospitali ya tatu tuliyofika, daktari kijana aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza kabla yake: "Kuna dawa yoyote mpya aliyoanza ndani ya mwezi huu?" Dawa ikasimamishwa usiku ule ule. Mtoto akafungwa vidonda kama aliyeungua kwa maji ya moto, akawekewa dripu, akasafishwa macho kila baada ya saa chache. Aliishi. Jicho lake la kushoto haliwezi kuvumilia mwanga wa jua la ziwani, na kope zake huota zikielekea ndani, zikamkwaruza, hadi leo.

Mwaka uliofuata, alipokuwa amepata degedege refu na tumemkimbiza kwenye kituo kingine, mhudumu alikuwa ameshavuta fenitoini, dawa yenye undugu na ile iliyombabua, kwenye bomba la sindano mama yake alipopiga kelele. Hapakuwa na mstari hata mmoja kwenye kadi ya mtoto kueleza yaliyompata. Kumbukumbu yote ya ugonjwa ule ilikuwa kichwani mwa mama mmoja, ambaye siku ile angeweza kuwa yupo mwaloni au sokoni.

Ndugu Viongozi, kilichompata mtoto huyu kina jina na kina historia. Mwaka 1922 madaktari wawili wa New York, Stevens na Johnson, waliandika habari za wavulana wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 8, waliopata homa, upele, vidonda mdomoni na macho yaliyovimba kwa usaha. Ugonjwa ukaitwa kwa majina yao. Mwaka 1956 daktari wa Uskoti, Alan Lyell, akaeleza ule mkali zaidi, ambao ngozi huvuka mapande kwa mapande kama ya mtu aliyeungua. Leo madaktari huyahesabu kuwa ugonjwa mmoja wenye ngazi: ngozi ikivuka chini ya sehemu moja ya kumi ya mwili ni ngazi ya kwanza, ikizidi asilimia 30 ni ile ya Lyell, na katikati ni mchanganyiko wa zote mbili. Katika ngazi ya kwanza hufa takribani mtu mmoja kati ya kumi au pungufu. Katika ngazi ya Lyell hufa karibu watatu kati ya kumi, ingawa watoto hupona zaidi kuliko watu wazima. Wanaopona wengi hubaki na makovu ya macho.

Kuna na ndugu yake mwingine, ambaye hujificha vizuri zaidi. Mtoto huanza homa, uso unavimba, tezi za shingo zinavimba, upele unaenea, na ndani ini linaharibika. Huyu anaweza kuchelewa hadi wiki ya nane tangu dawa ianzwe. Wazazi wawili kati yetu walioyaona hayo waliambiwa ni malaria sugu.

Dawa zinazoongoza kuleta maradhi haya kati ya dawa za kifafa zinajulikana duniani kote: kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni na lamotrijini. Tatu za mwanzo ndizo dawa za kifafa tunazozijua sisi huku vijijini. Ni jambo adimu, na tunataka tulitamke wazi kwamba ni adimu: kwa dawa hizi, mtu mmoja hadi kumi katika kila watu 10,000 wanaoanza kuzitumia. Kwa lamotrijini, majaribio ya awali yalikuta upele wa hatari kwa watoto kama 8 katika kila 1,000, zaidi ya mara mbili ya watu wazima, hasa ilipoanzwa kwa kipimo kikubwa au pamoja na valproeti, inayoifanya ijikusanye mwilini.

Kilichotuuma zaidi tulipoelezwa mambo haya ni kwamba hatari ina kalenda yake. Utafiti uliofanywa Ulaya ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa waliobabuliwa na dawa hizi walikuwa ndani ya siku 63 za mwanzo za matumizi. Miezi miwili. Msimu mmoja wa palizi. Kumwangalia mtoto kwa miezi miwili ni jambo ambalo mama yeyote wa Suguti analiweza, akiambiwa aangalie nini.

Na cha kuangalia hakihitaji mashine. Homa isiyoeleweka baada ya kuanza dawa. Macho mekundu. Vidonda mdomoni, au mtoto kukataa kumeza. Ngozi kuuma kabla upele haujatoka. Madoa mekundu yenye kiini cheusi katikati. Malengelenge. Maumivu wakati wa kukojoa. Uso kuvimba. Bibi yangu asiyejua kusoma angeweza kuyakariri yote hayo kabla muuguzi hajafunga dirisha la dawa.

Huko Asia wana kinga nyingine. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waligundua kwamba Wachina wenye kinasaba fulani wako katika hatari kubwa mno ya kubabuliwa na kabamazepini, na nchi kadhaa za upande ule sasa hupima damu kabla ya kuanza dawa. Kinasaba hicho ni adimu sana kwa Waafrika, kwa hiyo kipimo kile hata kikiletwa Musoma kesho hakitatufaa. Kwetu sisi mlinzi wa kwanza ni mama anayemwogesha mtoto jioni. Ndiyo maana kumnyima mama huyo maelezo ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana.

Hatusemi dawa ziondolewe. Atakayeisoma risala hii akatoka na maneno ya kuwatisha watu waache dawa za kifafa atakuwa ametudhulumu. Sisi ndio tunaojua kifafa kisichotibiwa kinafanya nini. Tunao watoto wenye vidole vilivyoshikana kwa moto wa mafiga. Tunao waliozama wakiteka maji ziwani, mahali ambapo maji yanafika magotini tu. Tunao waliokatazwa shule kwa sababu wenzao waliogopa povu lao, ambalo halijawahi kumwambukiza mtu yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Mahenge, daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki kwa ajili ya watu wa kifafa waliokuwa wamesukumwa pembeni na jamii, na fenobabitoni ile ile ya bei rahisi, inayotumika kutibu kifafa tangu 1912, iliwarudisha wengi mashambani na kwenye ndoa zao. Utafiti uliofanywa baadaye wilayani Ulanga na kuchapishwa 1992 ulikuta watu kama 10 wenye kifafa katika kila 1,000. Dawa hizi ni uhai kwetu. Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa sawasawa. Tunataka watoto wetu wawe kati ya hao saba, na ngozi zao zikiwa juu yao.

Sasa tueleze pale mzazi anapobanwa, maana tukilipita hili hamtaelewa kwa nini onyo peke yake halitoshi.

Mama ameona macho mekundu na vidonda mdomoni. Ameambiwa dawa isikatishwe. Akiendelea kuitoa, anaongeza moto juu ya moto, kwa sababu jambo la kwanza katika tiba ya ugonjwa huu ni kuisimamisha dawa iliyouleta, na kila siku ya kuchelewa inapunguza nafasi ya mtoto kuishi. Akiikatisha ghafla peke yake nyumbani, degedege laweza kuja lisilokoma, la nusu saa, la saa nzima, nalo pia huua. Hakuna mzazi anayeweza kufanya uamuzi huo saa nne za usiku kwa tochi ya simu. Ni uamuzi wa mahali penye daktari, penye dawa ya dharura ya kuzuia degedege, penye dawa mbadala, na pa kumlaza mtoto mwenye vidonda. Kwa hiyo onyo tunalolidai lina miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kumwambia mama akimbie. Wa pili ni kuhakikisha huko anakokimbilia kuna kitu.

Na hapo kwenye dawa mbadala ndipo panapotuumiza. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zina undugu katika umbile lake. Mtoto aliyebabuliwa na moja, mara nyingi atababuliwa na nyingine. Wataalamu wanakadiria kati ya wagonjwa 4 na 8 katika kila 10. Maana yake, mtoto wa Suguti aliyeponea chupuchupu kwa kabamazepini, akirudi kwenye rafu akakuta fenobabitoni na fenitoini tu, hana dawa. Anatoka hospitali akiwa na ngozi mpya na kifafa kile kile. Dawa zisizo za ukoo huo zipo, kama valproeti na levetirasetamu. Tunajua valproeti nayo ina masharti: inaweza kuharibu ini la mtoto aliye chini ya miaka miwili, na ni hatari kwa mimba, hivyo msichana hawekwi juu yake bila kuifikiria kesho yake. Hatuombi kuchagua dawa badala ya madaktari. Tunaomba madaktari wawe na kitu cha kuchagua.

Lipo na lalamiko la mlango wa mwanzo kabisa, la watoto wanaoanzishiwa dawa hizi wasipozihitaji. Ukanda wetu wa ziwa una malaria. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano akipanda homa kali anaweza kupata degedege fupi, likapita, na asipate kifafa maisha yake yote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauelekezi mtoto wa namna hiyo apewe dawa ya kifafa ya kila siku. Unaelekeza homa ichunguzwe, malaria na homa ya uti wa mgongo zitafutwe, na wazazi waelimishwe. Lakini tumeona watoto wakirudi nyumbani na vidonge vya miezi mitatu kwa degedege moja la malaria. Mtoto huyo amewekwa kwenye hatari ambayo hana faida yoyote ya kuivumilia. Katika lugha yetu neno degedege hubeba yote mawili, la homa na la kifafa, na tunakiri kwamba sisi wenyewe huwa hatuelezi vizuri tulichokiona. Basi mhudumu atuulize: alikuwa na homa? Lilichukua muda gani? Ni la ngapi? Alikuwa amelala au macho? Dakika tano za maswali zinaweza kumwepusha mtoto na dawa ya miaka mitatu.

Kuhusu vipimo vya dawa, tutasema kidogo. Kidonge kilichotengenezwa kwa mtu mzima kinakatwa na bibi kwa kisu cha samaki ili kipatikane kipimo cha mtoto wa kilo kumi na mbili. Leo robo, kesho theluthi. Dawa kama kabamazepini na lamotrijini zinatakiwa zianze kidogo na kupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa, na kwa lamotrijini mwendo huo wa taratibu ni kinga ya ngozi yenyewe. Tunaomba dawa ya maji, au vidonge vya kipimo cha watoto, vifike hadi zahanati.

Hofu ikitangulia elimu tumeshaiona ikifanya nini: wakubwa wetu wanaikumbuka SP. Ilifanywa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001, hadi dawa ya mseto, ALu, ilipochukua nafasi yake kuanzia mwishoni mwa 2006. SP nayo iliweza, kwa nadra, kubabua ngozi. Habari za waliobabuka zilifika vijijini kabla ya maelezo ya wataalamu, na hofu ikafanya kazi ambayo elimu ingeifanya vizuri zaidi: watu wakaficha vidonge chini ya mito, wengine wakarudi kwenye mizizi. Tunaogopa hilo lisijirudie kwenye kifafa. Tayari hapa kijijini mtoto mmoja akibabuka, familia tano hukatisha dawa kimyakimya.

Haya ndiyo tunayoyadai.

La kwanza, na mkilitekeleza hili peke yake mtakuwa mmeokoa watoto: kuanzia sasa, katika halmashauri zote tatu, asiondoke mzazi na dawa mpya ya kifafa bila kuambiwa kwa mdomo na kupewa kwa maandishi dalili za hatari za miezi miwili ya mwanzo. Karatasi iwe moja, yenye picha, kwa kuwa si kila bibi anasoma. Maneno yawe ya Kiswahili chepesi, na mhudumu ayarudie kwa Kijita, Kikwaya au Kizanaki pale yanapohitajika. Iwepo namba ya simu ya mtu aliye macho usiku. Na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye tayari anapita nyumba kwa nyumba, apewe majina ya watoto walioanza dawa ili awatembelee mara moja kila wiki kwa wiki nane. Amfungue mtoto mdomo, amtazame macho, amvue shati. Hakuna zaidi.

Mtoto aliyewahi kubabuliwa aandikwe kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa mbele wa kadi yake ya kliniki: jina la dawa, tarehe, na majina ya dawa za ukoo ule asizotakiwa kupewa kamwe. Kadi zinaloa, zinaungua na zinapotea, kwa hiyo habari hiyo iingizwe pia kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali, na mzazi apewe kadi ndogo ya kuvaa au kuweka kwenye pochi. Ndugu wa tumbo moja na mtoto huyo nao watajwe, maana madaktari hutuambia hatari hii inaweza kutembea katika damu ya familia.

Hospitali ya wilaya, iliyojengwa hapa hapa Suguti, na hospitali za Bunda na Butiama ziwe wakati wote na angalau dawa moja ya kifafa isiyo ya ukoo ule, pamoja na diazepamu ya kuzuia degedege la dharura. Bohari ya Dawa iihesabu dawa hiyo kati ya zile ambazo kuisha kwake ni dharura. Wagonjwa watakaoihitaji ni wachache. Gharama yake haiwezi kuwa kisingizio.

Rufaa isimsubiri mbuzi auzwe. Sera yetu inasema mtoto chini ya miaka mitano atibiwe bure, lakini njia ya kwenda kutibiwa siyo bure. Kutoka Musoma hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 200, na mtoto aliyebabuka anapoteza maji na joto kila dakika akiwa njiani. Tumeona jinsi mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, kwa kupiga 115, inavyowachukua wajawazito na watoto wachanga usiku wa manane. Tunaomba mlango huo ufunguliwe kwa mtoto mwenye ngozi inayovuka na kwa mtoto mwenye degedege lisilokoma. Na kabla ya kupelekwa, kituo kijue la kufanya: kusimamisha dawa, kumfunika kwa shuka safi, kumpa maji, kutombandika plasta juu ya ngozi, kutompaka dawa ya meno wala asali, na kuandika kwenye barua ya rufaa kila dawa aliyotumia ndani ya miezi miwili. Pale Moshi, KCMC, kipo tangu 1992 kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda mzima huu wa Afrika. Mkoa wa Mara upeleke matabibu wake wakasome huko, warudi, wakae.

Maduka ya dawa muhimu nayo yasisahaulike, kwa sababu ndiko tunakoanzia wengi wetu. Muuzaji afundishwe swali lile moja la daktari kijana, kuhusu dawa mpya. Waganga wa jadi waelezwe pia. Hatutaki wadharauliwe, tunataka wajue kwamba mtoto mwenye vidonda mdomoni na ngozi inayovuka hana muda wa kukaa kwao hata usiku mmoja.

La mwisho linahusu hesabu. Tanzania iliingia mwaka 1993 katika mpango wa dunia wa kufuatilia madhara ya dawa, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inapokea taarifa hizo, hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Katika watoto tunaowajua sisi, hatujamwona hata mzazi mmoja aliyeonyeshwa fomu hiyo. Mtoto asiyeripotiwa hayumo katika hesabu, na asiyekuwamo katika hesabu hanunuliwi dawa. Tunaomba kila mtoto aliyebabuliwa na dawa ya kifafa katika wilaya hizi aripotiwe, na mara moja kwa mwaka idadi yao isomwe mbele ya wananchi, kwa lugha yetu, pamoja na yaliyofanyika.

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliridhia mpango wa kifafa hadi 2031, wenye lengo kwamba watu 80 katika kila 100 wenye kifafa wapate dawa zinazofaa, za bei nafuu na salama. Tumelisoma neno hilo la mwisho mara nyingi. Sisi hapa tunadai salama.

Tunaomba mje Suguti kutujibu, kwenye mkutano wa hadhara, akina mama wakiwepo na watoto wakiwepo, na majibu yaandikwe yabaki ofisi ya kata. Tutaandaa viti na kivuli.

Mjukuu wangu sasa ana miaka sita na ameanza darasa la kwanza. Mwalimu wake amemkalisha mbali na dirisha kwa ajili ya jicho lake. Wiki hii, mahali fulani kati ya Bunda na ziwa, mtoto mwingine ataanza kidonge chake cha kwanza. Tunawaomba mama yake aambiwe kabla hajatoka mlangoni.

Wazazi na walezi wa watoto wenye kifafa,
Suguti, Musoma, Mkoa wa Mara.